Magadi ya Engaruka: maji ya kuoshea yatatoka wapi?

Wadau, kuna swali silioni likiulizwa kuhusu mradi wa magadi soda wa Engaruka, wilayani Monduli, ulio chini ya Shirika la Maendeleo ya Taifa (NDC). Maji baridi ya kiwanda yatatoka wapi?

Tangu kampuni ya Kihindi ya Tata Chemicals ijitoe kwenye mpango wa kiwanda cha magadi Ziwa Natron mwaka 2008, baada ya watu kupigania mazalia ya heroe, tunabishania ndege. Walikuwa na haki, maana heroe wadogo wa Afrika Mashariki karibu wote huanguliwa Natron. Ila Engaruka iko kusini ya ziwa, magadi yenyewe yako ardhini, na wanaoishi juu yake ni wafugaji na wakulima.

Tazameni kazi ilivyo. Maji yanayovutwa kutoka chini yamebeba magadi, chumvi ya kawaida na floraidi. Ukiyaanika mabwawani, magadi hutangulia kuganda. Ukichelewa kuyatoa, chumvi nayo inaganda juu yake na mali imeharibika. Njia safi zaidi ni kupuliza hewa ya ukaa ndani ya maji hayo. Sodiamu kaboneti, yaani magadi yenyewe, inageuka baikaboneti, isiyoyeyuka kirahisi, inatua chini kama unga, chumvi inabaki majini. Unga unachujwa, unaoshwa, unachomwa kwenye tanuri hadi uwe magadi tena, na hewa ya ukaa inayotoka inarudishwa kazini. Ni ufundi mzuri kwelikweli, na nafuu kuliko njia ya Solvay ya kutengeneza magadi, inayoanza na chumvi, mawe ya chokaa na amonia.

Mimi nimekwama kwenye kuosha. Wenye viwanda vya kioo hawataki magadi yenye chumvi, kwa hiyo lazima yaoshwe, na maji yakishaosha yanaondoka na chumvi pamoja na floraidi. Sisi wa Arusha na Meru floraidi ikizidi majini tunaiona kwenye meno ya watoto wetu, yanavyogeuka kahawia.

Mto wa Engaruka hauna maji ya ziada. Ndio uliomwagilia mashamba ya wakazi wa kale, ambao kuta na mitaro yao ya mawe ipo hadi leo, na ndio unaomwagilia mashamba ya sasa. Kiwanda nakitaka. Lakini kwanza tuambiwe tani moja itakula maji kiasi gani, na maji machafu yatawekwa wapi.

Mchangiaji: Ndugu, Kenya magadi yanachimbwa Ziwa Magadi tangu 1911, sisi viwanda vyetu bado vinanunua nje. Masharti yakizidi, mwekezaji ataondoka na vijana watabaki vijiweni.

Jibu: Ndugu yangu, la vijana nakubali, na wangu wamo. Lakini Ziwa Magadi lina tabaka gumu la magadi linalochimbuliwa kwa mashine, na chemchemi za moto zinalijaza upya. Sisi tunaanza na majimaji, kwa hiyo kutenganisha ndiyo kazi yenyewe. Na hata mji wa Magadi hunywa maji ya bomba kutoka milima ya Nguruman, maana ziwani hakunyweki. Mwekezaji anayeijua kazi hii hawezi kuchora kiwanda bila hesabu ya maji. Kama anayo, aisome kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili na Kimasai, kabla kisima cha kwanza cha uzalishaji hakijachimbwa.