Ofisi inanilipia akili unde ya kuandikia programu. Nikiitumia usiku kwa mradi wangu, kuna shida?

Mwanaziwa, Kisumu

Wadau, hamjambo. Mimi huandika programu katika kampuni moja hapa mjini. Ofisi inatulipia akili unde ile inayokaa ndani ya kihariri, ile programu ya kuandikia msimbo: unaieleza unachotaka, inaandika msimbo, inaujaribu, wewe unakagua. Imenirahisishia kazi mno, sitaficha.

Sasa, mama mdogo wangu huuza omena sokoni Kibuye, na ndiye mweka hazina wa chama chao cha akiba. Lile daftari lake ni balaa. Mstari mmoja umeandikwa 200, ukakatwa, juu yake 150, halafu kuna mshale unaokupeleka ukurasa wa nyuma ambao ulishalowa maji. Kila Jumamosi ni ubishi wa nani ametoa na nani hajatoa. Nataka niwatengenezee mfumo mdogo: Jumamosi asubuhi kila mwanachama aletewe ombi la M-Pesa kwenye simu, aweke PIN, jina lake litiwe alama.

Laptopu ni ya ofisi, akaunti ya akili unde pia ni ya ofisi. Lakini ningefanya usiku, nyumbani, kwa bando langu. Mkubwa wangu hajawahi kusema ndiyo wala la. Na vyama vingine vikija kuutaka kwa pesa, mfumo utakuwa wangu kweli?

Fundi wa Kondele

Usiguse. Bando kuwa lako hakubadilishi kitu, akaunti ni yao. Akaunti nyingi za kampuni humwezesha msimamizi kuona nani ametumia kiasi gani, na nyingine humwonyesha hata mazungumzo. Utaelezaje "chama cha omena" katikati ya kazi ya ofisi?

Wakili Baridi

Hapo kwenye umiliki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inahesabu kazi uliyoifanya katika utekelezaji wa ajira yako kuwa ya mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vingine. Mfumo wa chama si kazi uliyoajiriwa kufanya, kwa hivyo una pa kusimama. Ila tafuta mkataba wako uusome leo. Kampuni za programu hupenda kifungu kinachosema chochote utakachobuni kwa vifaa vyao ni chao. Kama ulitia sahihi hicho, usiku na mchana ni mamoja.

Bonde la Ufa, Nakuru

Mnamtisha kijana. Si amwandikie tu mkubwa wake? Mistari mitatu: nina mradi wa familia, hauhusiani na wateja wetu, naomba kutumia akaunti nje ya saa za kazi. Hapa kwetu tuliuliza tukaruhusiwa, ilimradi tusichanganye msimbo wetu na ule wa ofisi. Akikataa, ChatGPT Plus ni dola 20 kwa mwezi, kama shilingi 2,600. Na GitHub Copilot, akili unde nyingine ya kuandikia msimbo, ina kiwango cha bure tangu Desemba 2024. Kwa mfumo mdogo hivyo, cha bure kinatosha kuanzia.

Fundi wa Kondele

Mkubwa aliweke jibu kwa maandishi basi. "Sawa" ya kwenye korido haina shahidi.

Daraja Mbovu, Kakamega

Mimi niache ya mikataba niseme ya msimbo, maana hapo ndipo akili unde itakuangusha. Ukiiambia ikuunganishie M-Pesa kupitia Daraja, ule mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, itakuandikia kitu kinachopendeza sana kwenye uwanja wa majaribio, kwa ile namba ya kujaribia, 174379. Angalia inaweka alama ya "amelipa" wapi. Nimekagua misimbo kadhaa ya vijana wetu na kosa ni lile lile: wakiona ResponseCode, yaani jibu la kwanza la Daraja, ni 0, wanaandika amelipa. Hiyo 0 inasema tu kwamba ombi limepokelewa. Mama hata hajaitoa simu kwenye leso! Jibu la kweli huja baadaye kwenye anwani yako ya mrejesho, ile ya mtandaoni uliyoipa Daraja ikuletee matokeo, na humo ndimo mna ResultCode, namba ya matokeo. Ikiwa 0, pesa imeingia. Ikiwa 1032, mwenyewe ameghairi. Linganisha kwa CheckoutRequestID, namba ya ombi lenyewe, usilinganishe kwa jina.

Namba za simu zianze na 254 bila alama ya kujumlisha. Funguo za siri za Daraja usiziache ndani ya msimbo, wala usizibandike kwenye mazungumzo. Na ili utoke kwenye majaribio, chama kiwe na namba yake ya kupokelea malipo, Paybill au Till. Isiwe yako.

Wakili Baridi

Naongeza: usiipigie ile daftari picha uipe akili unde "ikusomee". Hayo ni majina, simu na madeni ya watu, na tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Tunga majina ya kujaribia. Ukitumia akaunti ya kibinafsi, ingia kwenye mipangilio uzuie mazungumzo yako kutumiwa kuifundishia akili unde.

Mweka Hazina Mstaafu, Busia

Mwanangu, uliwauliza akina mama wenyewe? Jumamosi asubuhi bado hawajauza. Ombi likija wakati salio ni sufuri, atatupiwa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa kujazia salio, na kwa kuona haya mbele ya wenzake ataikubali. Umemtia deni kwa mchango wa chama. Lingine: kuna wanaotumia simu moja na mzee wa nyumbani, na si kila mzee anajua mama anaweka akiba. Ombi lije jioni, tena mwanachama aliitishe mwenyewe.

Mwanaziwa

Asanteni. Mama, hilo la Fuliza sikulifikiria hata kidogo, na mama mdogo nimempigia sasa hivi ameniambia wanachama wawili hawana simu zao. Mkataba nimeusoma, kifungu cha vifaa kimo. Kwa hivyo nitachukua laptopu ya zamani ya kaka yangu, akaunti yangu ya bure, na mkubwa nitamwandikia hata hivyo. Hao wawili wasio na simu niwafanyeje?

Mweka Hazina Mstaafu, Busia

Weka mahali pa kuandika pesa taslimu, na isihesabiwe mpaka mtu wa pili, asiye mweka hazina, aithibitishe kwa simu yake. Na daftari lisitupwe.