Mfumo wa kuchukua hela yetu upo, wa kutuonyesha ilikokwenda ndio una neno la siri?!

Wakuu, nina hasira, mtanivumilia.

Kijijini kwetu kuna boma la zahanati lilifika kwenye lenta 2022 likagota. Kila kaya ilitoa 15,000. Asiyekuwa nayo alisomba maji na kubeba mawe. Mama yangu aliuza kuku wawili, tena matetea. Mwaka jana tukatangaziwa imeingia milioni 50 ya kumalizia, watu wakapiga vigelegele. Zikaja bati, mchanga tripu mbili, fundi akapiga wiki tatu akapotea. Sasa hivi ndani wanalala mbuzi.

Nikauliza swali moja tu: hizo 50 zimetumikaje? Hapo ndipo nilipotibua nyongo za watu.

Mtendaji wa kijiji kanijibu, "Mbona ziko kwenye mfumo." Nikamwambia naomba nione. "Mfumo si wa kila mtu, una neno la siri." Halmashauri wakanituma idara ya mipango, mipango wakanirudisha kwa mtendaji wa kata, mtendaji wa kata yuko semina (hii semina sijui ni ya kusomea udaktari). Nikaandika barua, nakala yangu ikagongwa muhuri. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inawapa siku 30 wanijibu. Leo ni ya 71. Nikaingia mtandaoni kuweka lalamiko, nikapewa namba, nikajiona mjanja. Siku ya nne nafungua naona "limefungwa". Limefungwa na nani, kwa jibu gani? Hakuna hata mstari mmoja.

Ingekuwa hatuna teknolojia ningenyamaza. Nenda mnadani uuze mbuzi uone. Kijana wa ushuru ana mashine ya POS mkononi, risiti inatoka hujamaliza kukunja hela. Leseni, faini, kila kitu kontroli namba, na ukichelewa meseji inakufuata mpaka shambani. Hapo mtandao hausumbui kabisa!

Na upande wa matumizi mifumo pia ipo. FFARS ilizinduliwa 2017 ili hela inayoingia na kutoka hadi ngazi ya shule na zahanati iandikwe. Kwa hiyo kama mtendaji hanidanganyi, kuna mtu ana bei ya kila bati la boma letu kwenye kompyuta yake. Mtu huyo si sisi tuliotoa 15,000. Na mwaka huohuo wa 2017 ndipo Tanzania ilipojitoa kwenye OGP, ule mpango wa kuendesha serikali kwa uwazi tulioingia 2011 kwa mbwembwe, hadi mkutano wake wa Afrika tukauandalia Dar 2015. Mifumo ikaongezeka, dirisha likafungwa.

Msiniambie "hudhuria mikutano". Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji angalau kila miezi mitatu. Kwetu unaitishwa kwa kipaza sauti jioni, kesho yake saa tatu asubuhi, msimu wa palizi. Wanakuja wazee kumi na watoto. Halafu muhtasari unaenda halmashauri una akidi kamili. Nilifanikiwa kuuona mmoja. Jina langu lipo, namba 38, na sahihi pembeni. Siku hiyo nilikuwa Kahama, tiketi ya basi ninayo! Aliyenisainia hata jina langu kalikosea herufi.

Tuna grupu la WhatsApp la kijiji pia, tuliambiwa ndio ushirikishwaji wa kisasa. Anayeweza kuandika ni adimini tu. Sisi wengine tunaweka vidole gumba kwenye picha za viongozi wakikabidhi jezi.

Ubao wa matangazo pale ofisini, ambao hauhitaji bando wala neno la siri, una tangazo la mnada na karatasi moja iliyopauka haisomeki. Karatasi moja ya mapato na matumizi, pini nne. Hicho tu ndicho ninachoomba.

Kesho napeleka barua ya pili, nimeambatanisha ya kwanza na ile tiketi ya basi. Kuna mwana jamvi yeyote aliyewahi kujibiwa kwa sheria hii ya 2016? Uliandika kwa mkurugenzi au kwa ofisa habari, na walikujibu kwa maandishi au walikuita "kwa mazungumzo"? Maana mimi jana nimeitwa kwa mazungumzo.