BAM: tununue mfumo mzima, tujenge na Kafka, au tuweke Metabase tuishie hapo?

Mtambo_Mzee
Wakuu habari za saa hizi. Kazini tumeagizwa tuwe na mfumo wa kufuatilia shughuli za biashara papo kwa papo (BAM, Business Activity Monitoring), yaani bosi afungue dashibodi aone oda zilizoingia, zilizokwama, zimekwama wapi na nani kachelewesha. Sasa hivi kuna ripoti ya Excel inatoka usiku, asubuhi watu wanaigombania na kila idara ina namba zake. Mezani kuna njia tatu, ya kwanza kununua kitu kamili kama Oracle BAM au cha IBM, ya pili kujenga wenyewe kwa Kafka (ya kusafirisha matukio), Elasticsearch (ya kuyahifadhi na kuyatafuta) na Kibana ya grafu (kuna wanaosema Grafana), ya tatu kuchomeka Metabase, chombo cha ripoti na grafu, kwenye databesi iliyopo basi. Kikao ni wiki ijayo. Ipi bora?

nusu_seva
Bora kwa nani mkuu? Hujasema matukio mangapi, mifumo mingapi inagusa oda moja, databesi gani, timu ina watu wangapi na nani ataamka usiku ikianguka. Halafu hiyo "papo kwa papo" ni sekunde, dakika au nusu saa? Maana hapo tu majibu yanagawanyika kabisa.

DadaFoleni
Kafka. Bila hata kufikiria. Matukio yakishakuwa Kafka unaweza kuyapeleka popote, leo Kibana kesho kitu kingine, hujafungwa na mtu. Ila namba ya oda iwe ndio ufunguo wa ujumbe, kwa sababu Kafka inalinda mpangilio ndani ya patishoni (fungu) moja tu, na jumbe zenye ufunguo mmoja huenda fungu moja, ukirusha ovyo utaona oda "imesafirishwa" kabla "haijalipwa" na watu wataanza kukutafuta.

kibao_cha_grafu
Mnamtisha bure. Mkuu kama mna Prometheus tayari ya kuangalia seva, ongeza tu metriki (namba za vipimo) za oda mule mule, Grafana ipo, jioni moja umemaliza. Arifa zipo, grafu zipo, unataka nini tena?

Babu_Triga
Vijana mnarukia vyombo. Hili jambo ni la zamani, jina la BAM walilitoa Gartner, kampuni ya utafiti wa teknolojia, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati Kafka haijazaliwa (ilitoka LinkedIn ikawekwa wazi 2011). Mimi nimekulia kwenye BizTalk (ya Microsoft, ya kuunganisha mifumo) na sijaona utaratibu safi kama ule mpaka leo. Mtu wa biashara, siyo developa, anakaa na Excel anataja shughuli yake na hatua anazotaka zifuatiliwe: imepokelewa, imekubaliwa, imetoka. Developa anachukua ile kitu anapiga bm.exe, majedwali yanajitengeneza yenyewe kwenye SQL Server, halafu anafungua Tracking Profile Editor anaunganisha kila hatua na sehemu husika ya ujumbe. Yaani mwenye biashara ndiye aliyesema hatua ni zipi. Siku hizi developa anakisia hatua, anaweka grafu nzuriii, halafu mhasibu anauliza hii "completed" mnamaanisha pesa imeingia au mzigo umefika? Kimya.

nusu_seva
Babu toleo la mwisho la BizTalk ni la 2020, unamshauri mtu aingie nyumba ambayo wenyewe wanahama?

Babu_Triga
Soma tena kijana. Nimesema utaratibu, sijasema anunue.

Mtambo_Mzee
Samahani wakuu nilikuwa kwenye foleni ya kazi. Databesi ni Postgres. Oda inapita mifumo mitatu, wa mauzo, wa malipo (huu si wetu, tunapokea tu majibu kwa API) na wa ghala. Oda si nyingi sana. Timu tuko wachache. Papo kwa papo bosi hakufafanua.

nusu_seva
"Si nyingi sana", "wachache", "hakufafanua". Aisee.

Haya tuendelee na hicho hicho. Oracle BAM kwa kawaida inakuja ndani ya SOA Suite (kifurushi chao cha kuunganisha mifumo), kama hamna SOA Suite mnanunua basi zima ili mpate kiti kimoja cha dirishani. Ile ya IBM nayo inanoga kama michakato yenu inaendeshwa na vyombo vyao. Ninyi hamna kimoja wala kingine, kwaiyo ya kwanza ningeifuta leo.

@kibao_cha_grafu hiyo ya Prometheus ina mtego. Inajibu vizuri "oda ngapi zimekwama". Haijibu "ni oda ipi". Na siku mtu atakapoona hilo ataweka namba ya oda kama lebo, kila oda inageuka mfululizo wake mpya wa data, memori inapanda mpaka seva inazimia. Pia kwa kawaida inatunza siku 15 tu usipobadilisha, na bosi atataka kulinganisha na mwaka jana.

kibao_cha_grafu
Nani kasema aweke namba ya oda kwenye lebo? Weka hatua, weka aina ya malipo, basi. Ya kutafuta oda moja moja nenda kwenye databesi. Kila chombo na kazi yake jamani.

Bi_Mchakato
Mimi si fundi, ni mchambuzi wa michakato, ila naona mnapita pembeni ya swali. Oda iliyokwama ni tukio ambalo HALIJATOKEA. Grafu inahesabu yaliyotokea. Mara ngapi tumekaa mbele ya Kibana kila mstari unapanda vizuri huku kuna mteja kalipa na mzigo wake haujaguswa, kwa sababu hakuna mtu anayerusha ujumbe wa "sijafanya". Lazima kiwepo kitu kinachohesabu muda tangu hatua ya mwisho.

DadaFoleni
Dada umesema kweli tupu, na ndio maana watu wanaweka Flink (ya kuchakata matukio yanavyoingia) juu ya Kafka, unawasha kipima muda kwa kila oda, hatua inayofuata isipofika kinalia.

nusu_seva
Au hoja moja ya SQL inayokimbia kila dakika: nipe oda ambazo hali ni imelipwa na muda umezidi dakika 40. Kwisha. Kwa "oda si nyingi sana" huhitaji klasta ya Flink.

Ila @Mtambo_Mzee angalia jambo moja kabla ya yote. Jedwali lenu la oda linahifadhi hali ya mwisho tu au historia? Wengi wana safu moja inaitwa status, oda ikisogea wanafuta ya zamani wanaandika mpya. Hapo hata ununue nini hutajua ilikaa ghala muda gani, kwa sababu hiyo habari mliifuta wenyewe. Anza na jedwali la historia: namba ya oda, hatua, muda, chanzo. Na namba ya oda iwe ile ile mifumo yote mitatu, isiwe malipo wana yao na ghala wana yao.

Mtambo_Mzee
Ni safu moja ya status 😅 na malipo wana namba yao kweli.

Mkesha
Kabla hamjamtuma Kafka naomba nisimulie, mtu asije kulia kama tulivyolia. Ni kazi ya zamani. Tulikuwa na Postgres, tukaweka Debezium isome mabadiliko kutoka WAL (mafaili ambamo Postgres inaandika kila badiliko) iyapeleke Kafka, dashibodi ikawa tamu, mabosi wakawa wanapita na wageni wanawaonyesha. Sasa ukisoma kwa njia hiyo databesi inafunguliwa sloti ya replikesheni, na kazi ya sloti ni kuhakikisha msomaji hapitwi na kitu, kwaiyo Postgres haifuti WAL ambayo msomaji hajathibitisha kuwa ameipata. Ijumaa jioni jamaa mmoja akasimamisha kiunganishi (ile Debezium) abadilishe mipangilio, simu ikaita, akaondoka. Kiunganishi kimelala, sloti iko macho inasubiri. Dashibodi ikaganda kwenye namba za Ijumaa na hakuna aliyeshtuka kwa sababu wikendi biashara huwa inapoa, kila mtu akadhani ndio hivyo. WAL inajaa tu. Jumapili usiku diski ikafika mwisho, Postgres ikagoma kuandika, ikadondoka, na mauzo yakasimama kabisa, yaani kitu tulichoweka kuangalia biashara ndicho kilichoifunga. Mle kwenye simu ya dharura kuna mtu akasema si tufute tu mafaili ndani ya pg_wal, akaanza na kuandika amri kabisa, bahati kuna mwenzetu alipiga kelele kabla hajabonyeza, maana ukifuta pale kwa mkono unaweza kuizika databesi mazima. Ikabidi tuongeze diski kwanza ndio iamke, tukaiondoa sloti kwa pg_drop_replication_slot, nafasi ikaanza kurudi. Halafu data yote ikaanza kusomwa upya toka mwanzo, Jumatatu dashibodi inaonyesha oda za zamani kana kwamba zimeingia asubuhi hiyo, mkurugenzi wa mauzo akapongeza watu.

kibao_cha_grafu
😂😂 akapongeza watu

DadaFoleni
Pole sana Mkesha. Lakini hiyo siyo kesi dhidi ya Kafka. Tangu Postgres 13 kuna max_slot_wal_keep_size, ila msisahau kwa kawaida ni -1, maana yake haina kikomo, lazima uiweke mwenyewe. Na ukiiweka ujue ikivuka kikomo sloti inakufa na unaanza kusoma upya, kwaiyo unachagua kupoteza dashibodi badala ya kupoteza duka. Pia kuna view ya pg_replication_slots inayoonyesha hali ya sloti, weka arifa pale.

Mkesha
Najua sasa. Nasema timu ya "wachache" wajue wanabeba nini.

Babu_Triga
Na leseni je? Elastic, wenye Elasticsearch, walibadilisha leseni 2021, ndipo OpenSearch (tawi lake huria) ikazaliwa, halafu 2024 wakaongeza AGPL (leseni huria yenye masharti ya kufungua kodi) kama chaguo. Leo uko salama kesho hujui.

nusu_seva
Babu mtu anatumia ndani ya ofisi yake, hauzi huduma ya Elasticsearch kwa watu wengine. Hilo linamhusu vipi? Hata Grafana ilihamia AGPL 2021 na hakuna ofisi iliyofungwa.

Babu_Triga
Inamhusu siku mwanasheria wa kampuni atakaposoma neno AGPL akafunga kikao hapo hapo. Nimeyaona.

Bi_Mchakato
Tukimaliza leseni naomba turudi kwa watu. Mtambo umeandika "nani kachelewesha". Hilo neno litawaua. Mkiweka jina la mtu kwenye dashibodi, wafungaji wa ghala wataanza kubonyeza "imefungwa" mzigo ukiwa bado rafuni, ili rangi isiwe nyekundu. Namba zitakuwa nzuri na wateja watazidi kulalamika. Pimeni hatua, msipime mtu.

kibao_cha_grafu
Lakini uwajibikaji nao uko wapi? Bila jina kila mtu anasema si mimi.

Bi_Mchakato
Uwajibikaji unaanza na arifa kuwa na mwenyewe. Kwetu ilikuwa inamwagwa kwenye chaneli moja yenye kila mtu, mafundi, mauzo, ghala, hadi watu wa mafunzo ya kazi. Kila mmoja anadhani mwingine ameona, mwisho wote wakazima sauti. Tulipobadilisha, ujumbe ukawa unakuja hivi: "Oda imekaa IMELIPWA dk 52, kikomo dk 40. Hatua inayosubiriwa: ufungaji. Zamu: ghala asubuhi. Fungua oda | Nimeichukua". Ukibonyeza nimeichukua jina lako linakaa pale na wengine wanaacha kuhangaika. Chini yake mtu wa ghala na fundi wanaandikiana papo hapo, "printa ya lebo imegoma", "nakuja". Baadaye ukisoma yale mazungumzo unajua ugonjwa wenu ni nini, sisi ilikuwa printa karibu kila mara, siyo mtu.

DadaFoleni
Hii ya kitufe cha nimeichukua naiiba.

Mtambo_Mzee
Nimefuatilia yote asanteni sana. Kwaiyo nikianza na jedwali la historia, nikaweka Metabase juu yake?

nusu_seva
Juu ya replika (nakala ya databesi), siyo juu ya databesi kuu, la sivyo bosi akichagua "mwaka mzima" mauzo yanapumulia mashine. Na jiandae, hoja ndefu kwenye replika zinaweza kukatwa na ujumbe wa "canceling statement due to conflict with recovery", muda wa kuvumilia kwa kawaida ni sekunde 30.

Mkesha
Na saa zote ziwe UTC huko chini. Mfumo wa malipo ukituma kwa UTC na ghala wakaandika saa ya ukutani utapata oda zilizofungwa kabla ya kulipwa, wastani unatoka hasi.

DadaFoleni
Mimi bado nasema ukishaandika hilo jedwali la historia umeshafika nusu ya njia ya matukio, malizia tu, yarushe Kafka. Mifumo ikiwa sita mtanikumbuka.

nusu_seva
Ikiwa sita.

Mtambo_Mzee
Apdeti: kikao kimesogezwa mbele, bosi ameona demo ya muuzaji mmoja, kuna ramani kubwa ina vidoti vinawaka, ameipenda sana. Sasa ameagiza skrini ya ukutani kwanza hata kabla ya chombo kuchaguliwa. Hivi ile skrini inahitaji akaunti yake ya Grafana au naweza kuiacha na yangu?

kibao_cha_grafu
Usiache na yako! Tengeneza akaunti ya kutazama tu, halafu mwisho wa anwani weka ?kiosk, menyu zote zinapotea. Nimeona mtu kaacha ya admini, mhudumu wa usafi akafuta vumbi kwenye kibodi na paneli mbili zikaenda nazo.

Bi_Mchakato
Vidoti vya ramani vinawakilisha nini lakini?

Mtambo_Mzee
Hata muuzaji hakueleza vizuri. Nadhani oda.

Babu_Triga
Muulize bosi akiona kidoti kimegeuka chekundu atampigia nani simu. Na ile mashine nyuma ya skrini izimeni kulala, zinalalaga zile.