Tupeane uzoefu: Ijumaa unaiwahije Jumua na kazi zako?

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Tanga na kwingineko.

Nafungua uzi huu kwa jambo ninaloliona kila Ijumaa kwenye swala ya Jumua hapa Ngamiani. Watu wanaingia khatibu ameshashuka mimbari, wanadaka rakaa ya mwisho, imamu akitoa salamu wanamalizia iliyobaki, wameondoka. Aliyepata rakaa moja na imamu ameipata Jumua, hilo sibishi. Lakini kakosa khutba zote mbili. Kakosa hata pale muadhini anapomkabidhi khatibu fimbo na kusoma ile hadithi, kwamba ukimwambia mwenzako "nyamaza" na imamu anahutubu umeshafanya upuuzi. Mimi pale ndipo moyo unapotulia.

Swala nyingine jamaa ya msikitini ikikupita, unaiswali peke yako nyumbani. Jumua haina hivyo. Ikikupita unaswali Adhuhuri rakaa nne, basi. Na Allah hakututaka siku nzima: aya ya 9 ya Suratul Jumua inatuambia tuache biashara wito ukitoka, aya ya 10 inaturudisha kutafuta riziki. Ni kipande cha mchana tu. Nyie mnakipataje? Leteni yaliyowatokea, mambo ya madhehebu tuwaachie masheikh.

Mvuvi wa Deep Sea: Waalaykum salaam. Chombo chetu Ijumaa hakitoki. Nahodha wetu kashika hivyo tangu mimi sijaota ndevu. Asubuhi tunashona nyavu, saa nne kila mtu kwao akaoge josho la Ijumaa. Tajiri mmoja alikuja na shida ya samaki wa harusi, akapandisha bei mpaka sisi vijana tukaanza kutazamana. Mzee akamjibu, "Kesho alfajiri utapata, kwa bei ya siku zote." Kesho yake akaja, akachukua.

Mtu wa zamu: Kiwandani kwetu mapumziko yalikuwa yanaisha khutba haijaanza. Msimamizi kila tukimwomba anasema mashine haisimami. Tukakaa na wenzetu Wakristo tukapatana: saa ya Jumua wao wanatushikia mashine, Jumapili asubuhi sisi tunawashikia wao waende ibada. Tukaandika barua moja, tukatia sahihi wote. Ikakubaliwa. Ningewashauri wenye shida kama yetu waanze na wenzao wa zamu kabla ya kwenda ofisini.

Mama Pilau: Jumua si wajibu kwangu, naswali Adhuhuri yangu nyuma ya kibanda. Lakini nauza chakula jirani na msikiti, na adhana ikitoka nafunika sufuria, natia makaa juu ya kifuniko, simpakulii mwanamume yeyote mpaka watoke.

Kuna ami mmoja fundi baiskeli, kila Ijumaa na kanzu yake, sahani ya pilau, kachumbari ya pilipili nyingi, na ndizi moja anamwekea mjukuu. Ijumaa moja sikumwona. Nikawauliza waliotoka, wakasema hata pale pake safu ya kwanza, karibu na nguzo, kakaa mtoto wa watu. Vijana wawili wakapanda baiskeli mpaka anakopanga, Makorora. Wamemkuta sakafuni, kavunjika mguu tangu usiku, simu iko juu ya meza haifikii. Mchana wa siku nyingine anaswali popote kazi inapomkuta. Nani angejua kama kakosekana?

Sasa hivi anatembea na mkongojo, na ndizi bado anachukua.

Mwanzisha uzi: Mama, Allah akulipe. Hili la kukosekana ndilo nililokuwa nalitafuta maneno yake.

Kijana wa Muheza: Kijijini kwetu sisi ni madhehebu ya Shafii, Jumua kwetu inataka wanaume 40, na sisi ni wachache. Ijumaa moja ya masika mvua ilikamata, tukahesabiana, hatukufika 40. Mwalimu akatuswalisha Adhuhuri. Wazee walitoka kimya, mmoja analia kabisa. Tangu hapo sisi wa bodaboda tumewekeana sharti: Ijumaa saa sita kila mmoja awe amesharudi kijijini, abiria wa mjini atampata mwingine. Ukijua wewe ndiye unayetimiza hesabu, miguu inakuwa myepesi.

Dereva wa saruji: Mimi napakia Pongwe, nashusha Dar. Msafiri si karuhusiwa kuiacha Jumua?

Mwanzisha uzi: Karuhusiwa kaka. Ila nilivyosomeshwa kwa Shafii, mkaazi wa mji asianze safari Ijumaa baada ya alfajiri kuingia, isipokuwa kama ataipata Jumua njiani au akibaki atadhurika. Muulize sheikh wako kwa hali yako.

Dereva wa saruji: Nilimuuliza, kaniambia hayo hayo. Kwa hiyo nikipakia Alhamisi naondoka usiku. Nikicheleweshwa mpaka asubuhi, kanzu iko nyuma ya kiti, naswali njiani. Tatizo langu ni pa kuegesha. Ninaposwali siku hizi naliacha lori mbali, natembea na jua la saa saba, nafika khutba ya kwanza inaishia. Kuna anayejua msikiti kati ya Segera na Chalinze wenye uwanja wa kutosha lori lenye tela? Hata kama itabidi niingie ndani kidogo ya barabara kuu, nitaingia.