Niandike bei ya kanga mtandaoni, au niendelee kumwambia mteja "njoo inboksi"?

Mwenye Duka, Mchangani

Assalaam aleikum ndugu zangu.

Nina duka la kanga, vitenge na madera mtaa wa Mchangani, hapa mjini Unguja, hatua chache kutoka Darajani. Duka lilianzishwa na marehemu baba yangu, na mimi nalisimamia mwaka wa kumi na mbili sasa. Kwa muda wote huo kazi yetu ilikuwa na utaratibu unaojulikana: mteja huingia, huketi kwenye benchi, hukunjuliwa doti tano au sita, huuliza bei, hutajiwa, hucheka, hutoka hadi mlangoni kama mtu anayekwenda zake, kisha huitwa arudi. Bei ya kweli ilikuwa ikipatikana baina ya benchi na mlango.

Siku hizi benchi halina kazi. Wiki iliyopita aliingia binti mmoja, hakuketi, akanionyesha simu yake akasema, "Mjomba, naitaka hii, na bei yake nimeiona ni elfu kumi na mbili." Picha ilikuwa ya duka la Kariakoo. Kanga ni ile ile niliyonayo, hata jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, ni lile lile, isipokuwa mimi korija yangu (fungu la ishirini) imepanda boti na nauli yake nimeilipa. Nilimwambia elfu kumi na tano. Hakucheka, hakupatana, alisema ahsante akatoka, na nilipochungulia nje nilimwona amesimama kwenye baraza ya jirani anaandika kwenye simu.

Nina ukurasa wa Instagram mwaka wa pili huu, na mwanangu ndiye anayeuendesha. Tumefuata desturi ya wenzetu: tunaweka picha bila bei, anayeuliza "bei?" tunamjibu "njoo inboksi". Mwanangu anasema tunawafukuza wateja kwa mkono wetu. Jirani yangu anasema kuandika bei hadharani ni kumpa mshindani ufunguo wa duka. Naomba ushauri wa watu waliojaribu, hasa juu ya jambo hili: wale wateja wangu wa zamani, ambao kila mmoja ana bei yake kwa sababu ya mazoea na udugu, watanielewa vipi watakapoikuta bei moja imeandikwa kwa watu wote?

Mnunuzi, Wete

Waaleikum salaam, kaka yangu. Nitakujibu kama mnunuzi, kwa kuwa wauzaji watakujibu wenzako.

Sisi tulioko Pemba tulizoea kuagizia. Ukisikia fulani anakwenda Unguja unampa fedha na kipande cha kitambaa cha mfano, naye hukuletea alichokiona kinafanana, na kama hakifanani unanyamaza kwa kuwa umefanyiwa hisani. Simu imetutoa katika hali hiyo. Naiona nguo mwenyewe, natuma fedha, mzigo unapanda boti bandari ya Malindi huko Unguja unashuka Mkoani, na kuanzia hapo gari ya abiria inauleta Wete ukiwa umeandikwa jina langu na namba ya simu. Hatuna nyumba zenye namba wala mtu wa posta wa kugonga mlango, kwa hiyo hiyo inayoitwa biashara ya mtandaoni huku kwetu ni ya mtandaoni mpaka bandarini tu. Baada ya hapo ni ya baharia na kondakta.

Sasa nikuambie ninavyolisikia neno "njoo inboksi". Nikiwa dukani kwako, wewe unaniona na mimi nakuona. Nikitajiwa bei kubwa naiona hata midomo yako ikisita. Inboksi wewe unaitazama picha yangu, unasoma jina langu, pengine unaona nimepiga picha kwenye harusi nimevaa dhahabu za kuazima, kisha ndipo unaamua bei. Mimi sioni kitu. Ndiyo maana wengi wetu tukiyasoma maneno hayo tunapita kimya kimya, na wewe hujui hata kwamba tulikuwapo. Yule binti aliyetoka dukani kwako umemwona. Hawa huwaoni.

Mwaka juzi niliagiza dera la rangi ya zambarau kwa muuzaji mmoja wa mjini, simtaji. Bei niliipata inboksi baada ya kuulizwa ninaishi wapi. Nililipa zote kabla ya mzigo kutoka, kwa sababu ndiyo masharti yao. Bahasha ilipofika niliifungulia uani, juani: rangi ilikuwa ya maini, na mshono wa bega moja umeshikizwa kwa uzi mweupe. Nilipoandika malalamiko chini ya ile picha, maneno yangu yalifutwa kabla ya magharibi, nami nikazuiwa. Kumbe picha yenyewe ilikuwa imechukuliwa kwenye ukurasa wa mtu mwingine.

Tangu siku hiyo nina vigezo vyangu, na nadhani si peke yangu. Nataka bei iliyoandikwa pamoja na nauli ya boti. Nataka picha iliyopigwa barazani kwenu, mchana, nguo ikiwa imeshikwa na mkono wa mtu. Na kabla ya kutuma hata shilingi nasoma maoni ya chini kuona kama kuna mtu aliyelalamika na akajibiwa kwa adabu. Ukurasa usio na lalamiko hata moja naukimbia.

Jambo moja zaidi kuhusu kulipa. Serikali ilipoanza kutoza miamala ya simu mwezi wa Julai 2021, na tozo ikafika hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja mkubwa, watu wengi ninaowajua walirudi kwenye taslimu, na hata ilipopunguzwa kwa asilimia 30 mwezi wa Septemba mwaka ule ule wengine hawakurudi tena. Kwa hiyo unapoandika bei, andika na gharama ya kutuma ni ya nani. Tunaihesabu.

Mzee wa Daftari, Darajani

Bi mkubwa wa Wete amesema kweli kwa upande wake, lakini mwanangu wa Mchangani, usiende mbio.

Bei si namba peke yake. Anayenunua doti moja kwa taslimu asubuhi, na anayechukua doti sita za harusi akalipa nusu, na yule wa shamba anayechukua leo akalipa karafuu zikishauzwa, hawawezi kuwa na bei moja, na haijawahi kuwa dhuluma. Katika daftari langu la madeni wapo watu wa Pemba ambao marehemu wazee wao walikuwa wakilipa kwa msimu: karafuu huchumwa, huanikwa, hupelekwa kwenye kituo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ambalo ndilo mnunuzi pekee kwa mujibu wa sheria, na fedha ikitoka hapo deni la kanga hulipwa hata kabla ya deni la mchele. Mimi nilikuwa nauza kanga na muda kwa pamoja. Simu inajua kuuza kanga tu, muda haiujui.

Ninachokiogopa ni kwamba ukiandika elfu kumi na tano, yule wa daftari atataka elfu kumi na tano hiyo hiyo na miezi minne juu yake. Ukimkatalia utakuwa umemvunjia heshima, kwa kuwa namba ameisoma kwa macho yake.

Kwa hiyo kama lazima uandike, andika maneno mawili mbele ya namba: "bei taslimu". Waliobaki waje kwenye benchi. Na usilitoe benchi, tafadhali.

Mpita Njia

Jirani yako anaogopa mshindani kuisoma bei. Angeikumbuka Mamlaka ya Mapato nayo, maana hao pia wana simu. Uandike bei au usiandike, risiti toa.

Mwenyeji, Jambiani

Nina nyumba ya wageni yenye vyumba sita. Katika biashara yetu mjadala wa kuandika bei ulikwisha zamani, kwa sababu hatukuulizwa. Tovuti kubwa za kuwekea nafasi ziliiweka bei yangu kando ya bei ya jirani yangu, mstari kwa mstari, na zinachukua asilimia 15 hivi ya kila usiku unaouzwa kupitia kwao. Nilinung'unika sana. Baadaye niligundua kwamba mgeni hachagui bei ndogo kuliko zote, kama nilivyokuwa nikiogopa. Anaitazama bei kwanza ili ajue kama asome zaidi, kisha anasoma maneno ya waliomtangulia, na hapo ndipo anapoamua.

Jambo hili limepimwa. Michael Luca, wakati huo mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, alichunguza mikahawa ya mji wa Seattle huko Marekani, na katika andiko lake la mwaka 2011 alionyesha kwamba nyota moja ya nyongeza katika maoni ya wateja mtandaoni iliendana na ongezeko la mapato la asilimia 5 hadi 9. Kilichonivutia mimi ni sehemu ya pili: ongezeko hilo lilionekana kwa mikahawa ya watu binafsi, na kwa mikahawa yenye matawi mengi na jina kubwa halikuonekana. Mwenye jina kubwa tayari anajulikana. Maneno ya mteja yanamfaa yule asiyejulikana, yaani mimi na wewe. Kwa hiyo ninaungana na dada wa Wete: usifute lalamiko. Mgeni mmoja aliandika kwamba maji ya moto hayakutoka siku mbili, na ilikuwa kweli. Nilimjibu kwamba pampu iliharibika, fundi alitoka mjini, na usiku mmoja tulimrudishia fedha yake. Mpaka leo wageni wanaofika hunitajia jibu lile, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunitajia picha zangu za machweo, ambazo nilimlipa mpiga picha.

Sasa nije kwenye kanga, kwa sababu hapa naona mmeiacha fedha chini. Wazee wa mtandao mtakumbuka enzi za blogu, tangu Ndesanjo Macha alipoanza kublogu kwa Kiswahili mwaka 2004 na Issa Michuzi akaanza blogu yake ya picha mwaka 2005. Baadaye Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu awe na leseni, na ada zake kwa jumla zilizidi shilingi milioni 2. Wengi walinyamaza, na wafanyabiashara wakabaki kwenye kurasa za picha. Hasara yake ni hii: picha hutazamwa ikapita, lakini mtu anayetafuta kitu kwenye intaneti hutafuta kwa maneno. Mimi huandika kwenye tovuti ya nyumba yetu mambo madogo madogo, kwa mfano maji yanapokupwa mgeni atembee umbali gani mpaka aikute bahari, na akina mama wa mwani wanashuka saa ngapi. Wageni wanaokuja kwangu moja kwa moja, bila ile asilimia 15, karibu wote walifika kwa kusoma hayo.

Na wewe unauza nguo iliyoandikwa tayari! Kanga ina pindo, ina mji wa katikati, na ina jina. Usiweke picha peke yake. Lile jina liandike kwa herufi chini ya picha, neno kwa neno. Mtu akitafuta "Wema hauozi" akukute wewe.

Mwenye Duka, Mchangani

Narudi baada ya wiki tatu, nikiwashukuru nyote.

Tulichagua doti nane. Mwanangu alizipiga picha barazani baada ya adhuhuri, mimi nikiwa nimezishika (mkono wangu sasa ni maarufu), tukaandika jina la kila kanga, bei taslimu, na nauli ya Pemba. Lile swali la "bei?" limekwisha kabisa. Sasa wanauliza "ipo?", na nimegundua kwamba kumjibu mtu "ipo" ni kazi nyepesi kuliko nilivyodhani, ilimradi uwe umeihesabu kweli. Mara moja nilisema ipo na haikuwapo, nikalazimika kuikopa kwa jirani.

Mama mmoja aliyeko Maskat aliandika akitaka doti nne za jina moja, na hakuitaja picha, alilitaja jina. Kwa hilo ahsante sana, Jambiani.

Wateja wa daftari hawakuja juu kama nilivyohofu, isipokuwa mmoja, bibi wa Makunduchi, aliyeniuliza kama siku hizi yeye na watu wa simu ni sawa. Nilimkalisha kwenye benchi tukapatana kama zamani. Kupatana kwenyewe, kumbe, hakujafa. Kumehamia kwenye nauli: bei ya kanga wanaikubali bila neno, kisha wanabishana dakika ishirini juu ya boti.

Limebaki moja. Juzi jirani naye ameziandika kanga zake, zile zile, kwa 14,500. Mwanangu anataka tushuke hadi 14,000. Mzee wangu wa Darajani, unasemaje?

Mzee wa Daftari, Darajani

Kabla ya kushuka, nenda ukamsalimie, na ukiwa hapo utupe jicho kwenye rafu. Akiwa amebakiwa na doti mbili tatu, mwache zimwishie. Akiwa na korija nzima, rudi uniambie, tukae.