Mrejesho: mbawakawa walioacha kutaga

Wadau, asanteni sana. Niliuliza kwa nini mbawakawa wekundu wenye madoa, wale wala vidukari niliowatoa kwenye sukuma hapa Kasarani, waliacha kutaga nilipowalisha maji ya sukari tu. Mlisema nianze na tezi kabla ya mayai, na mlikuwa sahihi.

Nyuma ya ubongo wa mdudu kuna tezi ndogo, korpora alata, zinazotoa homoni ya ujana. Ikiwa tele, jike hutengeneza protini ya kiini cha yai. Ikipungua, ovari hudumaa na mafuta hujaa tumboni. Nimepasua majike chini ya hadubini: aliyekula vidukari alikuwa na mayai ya manjano yamepangana, wa sukari, ovari nyembamba kama uzi. Nilifurahi mno!

Kilichonivutia zaidi ni mbawakawa wa viazi wa Colorado. Mwaka 1961 watafiti de Wilde na de Boer, Uholanzi, walionyesha kuwa jike aliyeondolewa tezi hizo hujifukia udongoni kama afanyavyo mchana unapokuwa mfupi, baridi ikikaribia. Hapa Nairobi mchana una urefu wa karibu saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo kwa hawa wangu nadhani chanzo ni chakula, si urefu wa mchana. Nimewarudishia vidukari, anayetaka picha za ovari aseme niziweke.