Meneja anataka kufuta kitufe ambacho wateja wanakitegemea, nimwambieje?

Sikio_la_Simu: Wakuu, heshima mbele. Nipo huduma kwa wateja kwenye kampuni inayotengeneza programu ya hesabu za biashara. Meneja wetu wa bidhaa ni mpya, kichwa kinachemka kweli, ila sijawahi kumwona akiitumia hiyo programu. Kila kitu anasoma kwenye grafu. Sasa kaona kitufe cha kupakua ripoti kinabonyezwa mara chache, kaamua toleo lijalo kisiwepo. Kitufe hicho ni cha mwisho wa mwezi tu, na wanaokibonyeza ni wahasibu, ambao ndio wanaowashauri wenye biashara waendelee kulipia au wahame. Nimegusia kikaoni nikajibiwa "data haisemi hivyo". Nifanyeje bila kuonekana mjuaji?

Bundi: Pole mkuu. Microsoft waliondoa menyu ya Start kwenye Windows 8 mwaka 2012, nao walisema takwimu zao zinaonyesha matumizi yake yamepungua. Watu wakalalamika, na kwenye 8.1 mwaka uliofuata kitufe kikarudi. Na wale wana pesa za kufanya utafiti wa kila aina!

Mzee wa Kodi: Mleta mada, usimhukumu haraka. Nimewahi kukalia kiti hicho. Kila kitufe kinachobaki kuna mtu lazima akijaribu upya kila toleo. Halafu nyie wa simu mnasikia wanaolalamika tu, aliyeridhika hapigi. Usibishane na grafu yake, mwombe aichuje: kwa tarehe, na kwa aina ya akaunti. Kama usemayo ni kweli, wanaolipa wataonekana wamejazana siku zile za mwisho wa mwezi.

Sikio_la_Simu: Kuchuja kwa akaunti sikuwaza kabisa, asante. Ila hata hapo atakuwa bado hajamwona mteja.

Fundi Mitambo: Basi mkalishe kwenye simu siku hizo. Si kumdhalilisha. DoorDash, kampuni ya Marekani ya kupelekea watu chakula, ina utaratibu wa wafanyakazi wake, hadi mainjinia, kupeleka oda wenyewe. Mkuu wa Uber, Dara Khosrowshahi, alishawahi kubeba abiria yeye mwenyewe, akakiri kwamba sekta nzima iliwachukulia madereva poa. Kipengele cha kumkera dereva hukioni ukiwa ofisini, kwa sababu dereva aliyekereka anazima programu tu, hajazi fomu.

Chokoraa wa Kodi: Mwache akifute, kisha mwisho wa mwezi uombe likizo 😂

Sikio_la_Simu: Hahaha, likizo yenyewe anasaini yeye! Jumatatu naanza na kuchuja. Mzee wa Kodi, hiyo ripoti niiombe kwake moja kwa moja au nipitie kwa mtu wa data?

Mzee wa Kodi: Kwake. Ukizunguka nyuma yake, hata ukiwa sahihi atakukasirikia.